Nilimwambia Hakuna Atakayejua: Historia ya Bitcoin, Tor na Anwani Yako

Mwaka jana, Alhamisi moja jioni, baada ya darasa letu la kompyuta hapa Kakuma, dada mmoja alibaki nyuma. Wenzake walishatoka. Mimi nilikuwa nakunja nyaya na kufunika mashine kwa vitenge, maana vumbi la hapa linaingia kila mahali. Akasimama karibu na mlango, akauliza kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili chetu cha Kivu:

"Yaya, kama kaka ananitumia ile franga ya kwa intaneti, kuko mutu atajua niko wapi?"

Sitataja jina lake wala kijiji chake. Inatosha kusema kwamba hakukimbia vita tu. Alikimbia pia watu fulani, na watu hao bado wanauliza habari zake. Kaka yake yuko nchi nyingine na anataka kumsaidia. Kutuma kwa simu kunaacha jina: laini imesajiliwa, wakala anaona, kampuni inaandika. Benki ndiyo usiseme. Kaka akasikia kuhusu Bitcoin, kwamba haina jina, na kwamba ukiipitisha kwenye mtandao unaoitwa Tor basi umepotea kabisa machoni pa watu.

Nikamjibu haraka, kama mtu anayejua: "Hapana, hakuna atakayejua."

Hayo niliyatoa kwenye video mbili tatu. Usiku nikakaa nisome namna ya kumwekea hiyo programu, na kabla simu haijaisha chaji nilishaona kwamba jibu langu lilikuwa bovu. Halikuwa uongo mtupu, lakini lilikuwa bovu, na kwa mtu kama yule jibu bovu linaweza kuleta mtu mlangoni.

Insha hii ndiyo jibu nililopaswa kumpa. Nimeiandika kama historia kwa sababu nilipofuata miaka, mmoja baada ya mwingine, niliona kitu: hata waliotengeneza hizi programu walijibu haraka kama mimi, kisha wakarudi kusahihisha, wakarudi tena, na bado wanasahihisha.

Karatasi na anayeisoma

Nianze na jambo ambalo sisi wakimbizi tunalijua bila kufundishwa. Maandishi yenye jina lako yanaweza kukulisha, na yanaweza kukuua. Jirani zetu wa Rwanda walijifunza hivyo kwa gharama kubwa. Utawala wa Wabelgiji uliandika kabila kwenye vitambulisho katika miaka ya 1930. Miaka sitini hivi baadaye, mwaka 1994, neno lile lile lilisomwa kwenye vizuizi vya barabarani. Walioandika hawakuwa ndio waliosoma mwishoni. Kwa hiyo, mtu akikuambia "data hizi ziko salama, wanaozishika ni watu wazuri," swali linalofuata ni: na baada yao, nani atazishika?

Swali hilo lilimsumbua Mmarekani mmoja, David Chaum, tangu zamani. Mwaka 1981 alichapisha makala kuhusu namna ya kutuma barua pepe bila mtu kujua nani kamwandikia nani. Wazo lake ni rahisi kulieleza. Unaweka barua ndani ya bahasha, ile bahasha ndani ya bahasha nyingine, na kila bahasha inaweza kufunguliwa na mtu mmoja tu. Mtu huyo anapokea bahasha nyingi kwa pamoja, anafungua tabaka la juu, anazichanganya kama karata, ndipo anazipeleka mbele. Anayechungulia nje haoni tena ipi iliyoingia ni ipi iliyotoka. Baadaye Chaum alijaribu pia kutengeneza pesa ya kompyuta isiyofuatiliwa, kupitia kampuni yake DigiCash. Kampuni ilifilisika mwaka 1998. Lakini bahasha zake zilibaki.

Kitunguu cha jeshi la maji

Katikati ya miaka ya 1990, watafiti watatu wa maabara ya jeshi la maji la Marekani, Paul Syverson, Michael Reed na David Goldschlag, walichukua wazo la bahasha wakalifanya liende kasi ya intaneti. Wakaliita kwa jina la kitunguu, kwa ajili ya maganda yake. Mwaka 2002 mtandao wa Tor ulianza kufanya kazi, ukijengwa na Roger Dingledine na Nick Mathewson pamoja na Syverson. Mwaka 2006 likaundwa shirika lisilo la faida la kuutunza.

Unavyofanya kazi ni hivi. Kompyuta yako haiendi moja kwa moja kwenye tovuti. Inapita vituo vitatu vinavyoendeshwa na watu wa kujitolea sehemu mbalimbali za dunia. Kituo cha kwanza kinajua wewe ni nani lakini hakijui unaenda wapi. Cha katikati hakijui mwanzo wala mwisho. Cha mwisho, kituo cha kutokea, kinajua unaenda wapi lakini hakijui umetoka wapi.

Kwa nini jeshi liuachie umma mtandao kama huu? Kwa sababu mtandao unaotumiwa na wanajeshi peke yao hauwafichi. Ukiona mtu anatoka humo, umeshajua ni mwanajeshi. Ili ufiche watu, lazima wawemo wanafunzi, waandishi wa habari, wafanyabiashara, na hata wahalifu, wote wamechanganyika. Si unajua: ukienda kwa wakala umejifunika uso peke yako siku ya joto, kila mtu atakukumbuka. Ukienda siku ya mgao na umati mzima, nani atakukumbuka? Kujificha kunahitaji wenzako. Shika neno hili, tutalirudia.

Tor wenyewe hawakuficha mipaka yake. Anayeweza kutazama mwanzo na mwisho wa safari kwa wakati mmoja anaweza kulinganisha saa na kukukamata. Kampuni yako ya intaneti nayo inaona kwamba unatumia Tor, hata kama haioni unachofanya humo. Na kituo cha kutokea kinasoma chochote ambacho hukukifunga kwa msimbo.

Daftari ambalo kila mtu analo

Tarehe 31 Oktoba 2008, mtu au kundi la watu waliojiita Satoshi Nakamoto walitoa maelezo ya Bitcoin. Bloku ya kwanza iliandikwa tarehe 3 Januari 2009. Hakuna benki katikati. Badala yake kuna daftari moja, na nakala yake nzima iko kwa kila anayeendesha programu inayoitwa nodi. Nodi zinaongea zenyewe kwa zenyewe. Mtu akituma pesa, nodi yake inawaambia majirani zake, nao wanawaambia majirani zao, mpaka dunia nzima ijue. Ni kama habari ya kufika kwa lori la mahindi inavyoruka bloku hadi bloku hapa kambini.

Satoshi aliandika sehemu fupi kuhusu usiri. Alikiri kwamba kila mtu ataona kiasi gani kimetoka wapi kwenda wapi. Ulinzi wake ni kwamba daftari lina namba, halina majina, na alishauri utumie namba mpya kila mara. Ndilo jibu aliloshika kaka wa yule dada: haina jina.

Sasa hapa ndipo nilipokosea mimi. Nilichanganya maswali mawili. Swali la kwanza ni nani: namba hii kwenye daftari ni ya mtu gani? La pili ni wapi: kompyuta iliyotangaza malipo haya iko mahali gani? Daftari linahusu la kwanza. Nodi inahusu la pili. Na yule dada aliuliza la pili. Alisema "niko wapi".

Kompyuta ikiingia intaneti inakuwa na anwani ya IP, kama vile hapa tunavyosema Kakuma 1, zoni fulani, bloku fulani. Peke yake hiyo anwani haitaji jina lako wala nyumba yako. Lakini inataja kampuni ya intaneti na mara nyingi eneo, na kampuni inajua ni laini ipi. Nodi za Bitcoin haziwezi kuongea bila kujuana anwani. Katika matoleo ya mwanzo kabisa, nodi zilikutana kwenye chumba cha mazungumzo cha intaneti, na jina ambalo kila nodi ilijiita humo lilitengenezwa kutokana na anwani yake ya IP. Yaani ulikuwa unaingia kwenye mkutano wa watu wasiotaja majina huku umevaa fulana iliyoandikwa unakoishi.

Watengenezaji waliliona mapema. Toleo la 0.2, lililotoka Desemba 2009, liliongeza uwezo wa kupitisha nodi kwenye proksi ili itumie Tor. Watu wengi wakasema yameisha. Hayakuisha.

Wa kwanza kusema ndiye mwenye habari

Mwaka 2011 mtaalamu wa usalama Dan Kaminsky alionyesha jambo ambalo mama yeyote wa kambini angelijua. Ukitaka kujua uvumi umeanzia wapi, usimuulize mtu mmoja. Kaa karibu na nyumba zote, usikilize nani amesema wa kwanza. Mtu akiunganisha kompyuta yake na nodi zote zinazofikika, ile inayotangaza malipo mapya kabla ya nyingine ndiyo yamkini yametokea kwake. Hahitaji kuvunja msimbo wowote. Anahitaji masikio mengi tu.

Mwaka 2014 watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Luxembourg, Alex Biryukov, Dmitry Khovratovich na Ivan Pustogarov, walikwenda mbali zaidi. Walionyesha kwamba hata watu wanaochangia anwani moja ya IP, kama sisi tunavyochangia Wi-Fi moja hapa kituoni, wanaweza kutofautishwa. Kwa nini? Kwa sababu kila nodi ya kawaida ilichagua majirani wanane wa kuunganisha nao, na ile orodha ya majirani wanane inakuwa kama alama ya kidole. Walikadiria kwamba njia yao ingefanikiwa kati ya asilimia 11 na 60, kutegemea mshambuliaji anataka kujificha kiasi gani. Na kompyuta chache tu zilitosha.

Halafu wakaigeukia Tor. Nodi za Bitcoin zilikuwa na kinga: jirani akikuletea upuuzi, unamfungia mlango saa 24. Kinga nzuri. Lakini fikiri: mshambuliaji akipita kila kituo cha kutokea cha Tor na kutoka pale akarusha upuuzi kwa nodi za Bitcoin, zitafungia vituo vyote vya Tor. Mtumiaji wa Tor asiye na kosa anabaki nje. Milango inayobaki wazi ni ile ya mshambuliaji mwenyewe. Umekwenda kujificha, na nyumba pekee inayokukaribisha ni ya anayekutafuta.

Mwaka uliofuata Biryukov na Pustogarov waliichapisha hii kazi kwa kichwa kinachosema wazi kwamba kupitisha Bitcoin kwenye Tor si wazo zuri. Walieleza pia kwamba mshambuliaji anaweza kuacha alama ndani ya nodi yako. Nodi inatunza orodha ya anwani za majirani. Anaichomekea anwani za uongo ukiwa ndani ya Tor. Siku nyingine umechoka na mwendo wa polepole, umeizima Tor, umeingia wazi. Anakuuliza orodha yako, anakuta anwani zake, anajua: ni yule yule. Niliposoma hapa nilisimama kidogo. Ndivyo sisi tunavyotumia simu, leo hivi, kesho vile, kutegemea bando.

Kusahihisha na kusahihisha tena

Majibu yalikuja taratibu. La kwanza lilikuwa kuacha kutoka nje ya Tor kabisa. Nodi inaweza kuwa na anwani ya ndani ya Tor, inayoishia na neno la kitunguu kwa Kiingereza, na nodi mbili zikaongea humo humo bila kituo cha kutokea. Kuanzia toleo la 0.12, Februari 2016, programu ya Bitcoin Core iliweza kujifungulia anwani hiyo yenyewe ikikuta Tor ipo kwenye mashine.

Lakini tazama jambo dogo lilivyoleta shida kubwa. Anwani za zamani za ndani ya Tor zilikuwa na herufi 16. Zikaonekana dhaifu, zikaja mpya za herufi 56. Ujumbe ambao nodi za Bitcoin zilitumia kupeana anwani za majirani ulikuwa na nafasi ndogo isiyotosha anwani mpya, kama fomu yenye kisanduku kifupi kuliko jina lako. Ilibidi fomu yenyewe ibadilishwe. Toleo la 0.21, Januari 2021, lilileta fomu mpya. Toleo la 22, Septemba 2021, liliacha anwani za zamani na kuongeza mtandao mwingine wa kuficha, I2P, ulioanza mwaka 2003. Mwezi uliofuata Tor wenyewe waliacha anwani za zamani. Nodi ambayo mwenyewe hakuisasisha ilipoteza njia yake ya siri.

Jibu lingine lilikuja mwaka 2017 kutoka kwa watafiti akiwemo Giulia Fanti. Wakaliita kwa jina la ua ambalo mbegu zake hupeperushwa na upepo, Dandelion. Badala ya kutangaza malipo yako kwa majirani wote, unamnong'oneza mmoja. Naye anamnong'oneza mmoja. Baada ya hatua kadhaa, mtu fulani mbali na wewe ndiye anayetangaza kwa sauti. Masikio ya Kaminsky yanasikia, lakini yanamsikia mtu mwingine. Bitcoin Core haikuingiza njia hii, kwa hofu kwamba ingefungua nafasi kwa mashambulizi mengine. Sarafu nyingine, Monero, iliyoanza 2014 kwa lengo la kuficha hata daftari lenyewe, iliingiza toleo lililoboreshwa mwaka 2020.

Na hili lilinishangaza kuliko yote: mpaka hivi karibuni, nodi za Bitcoin zisizotumia Tor wala I2P zilikuwa zinaongea bila kufunga maneno yao kwa msimbo. Aliyekaa njiani, kama kampuni ya intaneti, aliweza kusoma. Mazungumzo yaliyofungwa yaliingia kwenye toleo la 26, Desemba 2023, yakawa ya kawaida kwenye toleo la 27, Aprili 2024. Miaka kumi na tano baada ya bloku ya kwanza.

Wakati huo huo waliokaa ndani ya Tor tu walijifunza upande wa pili. Kutengeneza anwani ya ndani ya Tor ni bure, mtu mmoja anaweza kutengeneza maelfu. Basi nodi isiyo na jirani yeyote nje ya Tor inaweza kuzungukwa na majirani wote ambao ni mtu mmoja. Watakuonyesha daftari wanalotaka wao. Kwa hiyo kufichwa sana kunaweza kukufanya usijue ukweli. Hakuna kitufe kimoja cha usalama. Kila ulinzi una gharama yake.

Sisi wenye simu ndogo

Utasema: yaya, hapa nani anaendesha nodi? Daftari la Bitcoin limepita gigabaiti 500. Unaweza kuiambia nodi itupe kurasa za zamani baada ya kuzisoma, lakini lazima izipakue zote kwanza. Kwa bando la hapa, utaanza leo umalize ukiwa mzee.

Ni kweli, na ndiyo sababu shida yetu ni kubwa zaidi. Asiye na nodi anatumia pochi ya simu, na pochi ya simu inauliza nodi ya mtu mwingine: "Namba zangu ni hizi, zina kiasi gani?" Mwenye ile nodi anaona namba zako zote na anwani yako ya IP kwa mara moja. Nani na wapi, kwenye sahani moja. Kuna njia iliyoletwa mwaka 2012 ya kuuliza kwa kuchanganya namba zako na za uongo. Mwaka 2014 watafiti walionyesha kwamba mchanganyiko huo ulikuwa rahisi kuuchambua, na mwaka 2019 Bitcoin Core ikaacha kuutoa kama kawaida. Tor inaweza kuficha "wapi" yako kwa mwenye nodi. Haiwezi kuficha kwamba namba zile kumi ni za mtu mmoja, kama umeziulizia kwa pamoja.

Na hata ungeficha kila kitu, daftari linabaki. Oktoba 2013 Marekani ilifunga soko la siri la Silk Road, lililokuwa ndani ya Tor na kutumia Bitcoin. Mwendeshaji wake alipofikishwa mahakamani mwaka 2015, daftari lile lile la wazi lilitumika kuonyesha sarafu zilivyotoka kwenye seva za soko hadi kwenye kompyuta yake. Simlilii yule. Nasema tu kwamba daftari halichagui linamtaja nani. Linamtunza muuza dawa za kulevya na linamtunza dada anayetumiwa pesa ya mchele, kwa wino ule ule, na halifutiki.

Neno kwa ndugu zetu wa mashirika

Najua wafanyakazi wa misaada wanasoma jarida letu, na wengine watauliza: kijana wa kazi za vijana anawafundisha watu kujificha kwa nini? Swali la haki. Jibu langu ni kwamba sisi tumeshaingizwa kwenye hizi teknolojia, hatukuomba. Mwaka 2017, kwenye kambi ya Azraq huko Yordani, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza kulipia chakula cha wakimbizi Wasyria kwa mfumo wa blokicheni. Mtu ananunua dukani kwa kutazama kamera inayosoma mboni ya jicho. Ule mfumo ni wa shirika, si daftari la wazi kama Bitcoin, na ulipunguza gharama za benki. Sisemi ni mbaya. Nasema wenye macho wana haki ya kuuliza yanaandikwa wapi, na nani atasoma baadaye.

Maana hata wenye nia njema wanaibiwa. Januari 2022 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba seva zenye data za watu zaidi ya 515,000 zilivamiwa. Wengi walikuwa watu waliopotezana na familia zao kwa vita, uhamaji na majanga. Shirika lilisema wazi, halikuficha, na hilo nalipongeza. Lakini ukiwa mmoja wa wale laki tano, umeshasomwa.

Hapo ndipo narudi kwenye lile neno la kitunguu. Kujificha kunahitaji umati. Kama kwenye kambi nzima ni mtu mmoja tu anayetumia Tor, basi Tor yenyewe inamwonyesha kidole. Mwanafunzi anayesoma habari, mama anayetafuta dawa ya mtoto, kijana anayeandika mashairi, wote wakiitumia kwa mambo yao ya kawaida, wanamfunika yule mmoja ambaye maisha yake yanategemea.

Nilivyorudi kwake

Wiki tatu baadaye nilimtafuta. Tukakaa nje chini ya bati. Nikamwambia: nilikujibu vibaya, naomba msamaha. Nikamweleza kama nilivyowaeleza ninyi, kwa kifupi, nikichora duara kwenye vumbi. Kwamba Bitcoin inaficha jina kidogo, haifichi njia. Kwamba Tor inaficha mahali, haifichi daftari. Kwamba akiitumia leo na kuiacha kesho kwa pochi ile ile, ni kama hakuitumia. Kwamba namba moja isitumike mara mbili, na kaka asimtumie mtu mwingine yeyote ile namba kwa ujumbe wa kawaida. Na kwamba mwisho wa yote, ili sarafu iwe unga na mafuta, lazima aibadilishe kwa mtu, na yule mtu ana macho na mdomo. Hakuna programu inayofunga mdomo.

Alinyamaza. Kisha akauliza: "Sasa ile siku kwa nini ulisema hakuna?"

Nikamwambia ukweli. Nilisema hivyo kwa sababu nilikuwa mwalimu, na nilione haya kusema sijui.

Hakuweka Bitcoin. Alisema mtu anayemwogopa zaidi hajui kompyuta, anajua watu, basi hatari yake kubwa ni watu. Tukaanza na yale yaliyokuwa mkononi: tukazima huduma ya mahali kwenye simu yake, tukafuta picha mbili zilizoonyesha kibao cha shule nyuma yake, akabadilisha jina la mtandaoni. Pesa ya kaka ilipita njia nyingine ambayo sitaiandika hapa.

Lakini aliniomba kitu kimoja. Akasema, andika haya kwa Kiswahili, maana kuna mwingine atauliza na wewe hutakuwepo. Darasa letu bado ni Alhamisi, saa kumi jioni. Kompyuta mbili kati ya sita zina Tor, na mtu yeyote anaweza kukaa pale kusoma matokeo ya mpira. Tena tunaomba mkae.